Darubini, mtumbwi, droni au kamera? Njia za kuchunguza ndege wa ardhioevu na viota vyao

Kikundi cha uhifadhi kikipata fedha kidogo, jambo la kwanza kutajwa kikaoni ni droni. La pili ni kamera. Swali la tunataka kujua nini huja mwisho, na mara nyingine haliji kabisa. Ulinganisho huu unaanza na swali, kisha ndiyo uje kwenye vifaa. Nimewaandikia wanavikundi wanaoishi kando ya vinamasi vya Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, pamoja na wanafunzi wanaotafuta njia ya kufanyia utafiti wao wa kwanza.

Mfano wangu mkuu ni korongo taji. Anazaliana kwenye vinamasi vidogo vilivyo katikati ya mashamba ya viazi na malisho ya ng'ombe, kwa hiyo mtu asiye na gari wala boti anaweza kumfuatilia. Tena tangu 2012 yumo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, na sababu zinajulikana: vinamasi vinakaushwa, vifaranga vinakamatwa na kuuzwa, ndege wanalishwa sumu, wengine wanagonga nyaya za umeme. Heroe na ndege wa mafunjo nitawaingiza pale ambapo korongo hatoshi.

Wingi wa ndege hauonyeshi kama wanazaa

Kuna maswali mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza: ndege wako wangapi? La pili: wanazaa na kulea mpaka vifaranga viruke? Njia inayojibu la kwanza vizuri inaweza isijibu la pili hata kidogo.

Tazama Rwanda. Hesabu ya nchi nzima ya 2017 ilipata korongo taji 487, na ya 2021 ikapata 881. Ni habari njema kweli. Lakini katika muongo huohuo zaidi ya korongo 200 waliokuwa wakifugwa majumbani na hotelini walichukuliwa, wakatunzwa, na walioweza kuruka wakaachiliwa katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Kwa hiyo ongezeko lile linaweza kuwa na vyanzo kadhaa kwa pamoja: walioachiliwa, wahesabuji waliozidi kuzoea kazi, ndege waliotoka nchi jirani, na viota vilivyofanikiwa. Hesabu peke yake haitenganishi vyanzo hivyo. Anayetaka kujua mchango wa viota lazima aende kwenye viota.

Kwa heroe wadogo hali ni kali zaidi. Unaweza kusimama ukingoni mwa ziwa Nakuru au Bogoria, Kenya, ukahesabu makumi ya maelfu, na usijue lolote kuhusu uzazi wao, kwa sababu katika Afrika Mashariki wanazaliana kwa kutegemewa mahali pamoja tu, Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Mwaka mmoja Nakuru inajaa, mwaka mwingine inabaki tupu, na chanzo kinaweza kuwa ni maji kupanda na chakula chao kupungua ziwani humo, si kwamba Natron uzazi umeshindikana. Ndege anakula huku, anazaa kule. Atakayewahesabu Nakuru kisha akaandika kuwa wanazaa vizuri anakisia.

Kuhesabu kutoka nchi kavu au kwa mtumbwi

Kwa maji ya wazi, hesabu ya kutoka ukingoni kwa darubini haijapata mshindani kwa gharama yake. Ndiyo njia ya Hesabu ya Ndege wa Majini Afrika, iliyoanza 1991 na hufanyika hasa Januari, na Julai pale watu wanapopatikana. Nguvu yake ni kurudiwa: sehemu zilezile za kusimama, msimu uleule, mwaka baada ya mwaka. Januari na Julai msizichanganye kwenye jedwali moja. Januari maziwa yetu yamejaa bata na ndege wadogo wa tope waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Julai wengi wao wameondoka na mnabaki na wenyeji. Kikundi kilichohesabu Januari mwaka huu na Julai mwaka ujao kitatangaza janga ambalo halipo.

Udhaifu wake ni uoto. Ukingoni mwa matete unaona yangeyange, mnandi na mwari. Aliyejificha ndani hahesabiki. Hapa mtumbwi unasaidia. Kwenye vinamasi kama Dunga karibu na Kisumu, au Mabamba upande wa Uganda, wavuvi wanajua vichochoro vya maji ambavyo ramani haina, na kutoka mtumbwini unaona viota vya jakana juu ya majani ya yungiyungi ambavyo kutoka nchi kavu usingeviota hata ndotoni. Lakini mtumbwi unafukuza ndege mbele yake. Bata akiruka akatua mita mia mbili mbele, utamkuta tena na utamhesabu tena. Kwa hiyo matokeo ya mtumbwi nayachukua kama orodha nzuri ya aina zilizopo, na kama njia ya kupata viota. Idadi yake naiamini nusunusu.

Jambo moja dogo lisilo na gharama ambalo vikundi vingi huliacha: watu wawili wasimame pamoja, kila mmoja ahesabu kimya na kuandika yake, wasilinganishe mpaka wamalize. Tofauti kati ya karatasi zile mbili inawaambia hesabu yenu inayumba kiasi gani. Mkipata 212 na 187, mtaacha kubishana kuhusu ongezeko la ndege kumi tangu mwaka jana.

Sauti

Ndani ya mafunjo macho hayafai. Gonoleki wa mafunjo ana kifua chekundu na utosi wa manjano, rangi za kuonekana maili moja, lakini unaweza kukaa asubuhi nzima kwenye kinamasi cha Dunga au cha Yala ukamsikia tu bila kumwona. Kwa ndege wa namna hii chagua kati ya masikio ya mtu na kinasa sauti.

Masikio ni bora ukiwa na mtu anayezijua sauti na vituo vichache. Simama dakika kumi, andika kila unayemsikia na yuko upande gani, nenda kituo kinachofuata. Kinasa sauti, kama vile AudioMoth, ni bora pale mtu huyo hayupo au unapotaka alfajiri nyingi mfululizo. Kinafungwa kwenye mti na kurekodi kwa ratiba. Tatizo linakuja baadaye: saa mia za sauti za kinamasi, pamoja na vyura, pampu ya maji ya jirani na redio ya mvuvi. Programu za kutambua sauti kama BirdNET husaidia kuchuja, ila kila jibu lake la ajabu lazima lisikilizwe na mtu kabla halijaandikwa popote.

Kuna njia ya kumchezea ndege sauti yake kwenye spika ili ajibu. Inafanya kazi. Msimu wa viota naipinga, au iwe sekunde chache tu, kwa sababu dume anayekuja kupigana na spika anaacha eneo lake na kujionyesha kwa kipanga.

Droni: mifano miwili ya nje

Wanaoisifu droni wana ushahidi. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha jaribio walilofanya karibu na Adelaide: walipanga bata wa plastiki ufukweni, idadi ikijulikana, mithili ya koloni la ndege wa baharini, kisha wakalinganisha hesabu za watu waliosimama na darubini na hesabu za picha za droni. Picha zilishinda kwa tofauti kubwa. Kwa ndege waliokusanyika mahali pa wazi, wakiwa wametulia, droni ni sahihi kuliko jicho, na picha inabaki kwa yeyote atakayetaka kuhesabu upya.

Wanaoiogopa nao wana wao. Mei 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica huko California, droni ilianguka kwenye koloni la ndege wanaoitwa elegant tern. Maelfu ya wazazi waliruka, hawakurudi, na mayai yapatayo 1,500 yakaachwa mchangani. Droni moja ilimaliza msimu mzima.

Kati ya hayo mawili kuna utafiti wa Ufaransa wa 2015 uliojaribu droni kwa bata, heroe na ndege wa tope. Ulionyesha kuwa ndege wengi hawakujali ikiwakaribia kwa ulalo, lakini waliishtukia iliposhuka wima juu yao, na hilo linaeleweka, maana mwewe naye hushuka hivyo. Funzo la kazi: rusha kutoka mbali, panda juu ukiwa bado mbali, pita juu ukiwa kwenye kimo hichohicho, usishuke ili upate picha nzuri zaidi. Tamaa ya picha nzuri zaidi ndiyo inayovunja mayai.

Natron ni mahali ambapo njia ya angani haina mbadala. Heroe hujenga vichuguu vya tope katikati ya magadi, na anayetaka kuvifikia kwa miguu akumbuke yaliyompata Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa Kenya aliyejaribu mwaka 1954. Ukoko wa magadi ulivunjika chini yake, akatembea kwenye tope lenye chumvi kali mpaka miguu ikaungua, akalazwa hospitali. Kutoka kwenye eropleni unapiga picha, unahesabu viota vyenye ndege juu yake, na baada ya wiki kadhaa unarudi kuhesabu vifaranga vilivyokusanyika kwenye makundi makubwa. Heroe hutaga yai moja tu, kwa hiyo hesabu ni rahisi: vifaranga kwa viota. Rahisi kwenye karatasi, maana kukodi eropleni ndogo ni kazi ya taasisi, si ya kikundi cha kijiji.

Kwa korongo taji kwenye kinamasi cha ekari chache, droni naiona ya anasa. Kiota kimoja au viwili utavipata kwa darubini na uvumilivu. Na mzazi akisimama kuitazama droni, mayai yanabaki wazi kwa jua na kwa kunguru.

Kufuatilia kiota

Korongo taji hutaga yai 1 hadi 4, mara nyingi 2 au 3, kwenye jukwaa la nyasi zilizolazwa ndani ya maji ya kina kifupi. Wazazi wote wawili huatamia, kwa siku 28 hadi 31. Kuna njia tano za kujua kiota hicho kimeishia wapi.

| Njia | Gharama | Usumbufu kwa ndege | Inakuambia nini |
|---|---|---|---|
| Kutazama kwa mbali | Muda mwingi, pesa kidogo | Mdogo sana | Kiota kiko hai au la. Tarehe kwa makisio |
| Kuingia hadi kwenye kiota | Pesa kidogo | Mkubwa | Idadi ya mayai, umri wake, mabaki |
| Kamera ya mtego | Kubwa kidogo, na wizi | Wa mara moja | Nani alikula mayai, saa ngapi |
| Kirekodi joto | Ndogo | Wa mara mbili | Siku na saa kuatamia kulipokoma |
| Droni | Kubwa, pamoja na kibali | Unategemea rubani | Mayai mangapi, bila kukanyaga |

Jedwali halisemi yote. *Kutazama kwa mbali* ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi. Tafuta mwinuko: tuta la barabara, paa la shule, kilima chenye malisho. Ziwa Ol Bolossat huko Nyandarua, ziwa pekee la asili katika eneo la kati la Kenya, lina miinuko ya namna hiyo. Ukungu wa asubuhi ukiisha unaweza kukagua ukingo mrefu kwa darubini ya miguu mitatu. Ila jua unachokitazama. Korongo anayeatamia hajitangazi. Akihisi mtu, hashtuki na kuruka; anainuka taratibu, anainamisha kichwa, anatembea katikati ya nyasi mpaka afike mbali, ndipo anasimama wima na kuanza kula kana kwamba hana habari na chochote. Mgeni huandika "korongo mmoja, anakula". Mzoefu hutazama mahali alipotokea, na hungoja saa ya zamu. Mwenzake anapokuja kuchukua nafasi, wawili hao huonekana pamoja kwa muda mfupi, na mmoja huzama kwenye nyasi asionekane tena. Hapo ndipo penye kiota. Weka alama kwenye ramani, uende zako.

*Kuingia hadi kwenye kiota* kunahitaji sababu. Kila unapopita, nyasi zinalala na kuacha njia ambayo mbwa, nguchiro na watoto wa jirani wataifuata. Kama ni lazima, ingieni mara moja, watu wawili tu, saa ya joto la kawaida na si kwenye jua kali wala mvua, mkipita kiota na kutokea upande wa pili ili njia isiishie kwenye mayai. Dakika chache zinatosha. Pimeni kina cha maji kando ya kiota kwa fimbo iliyotiwa alama. Namba hii haina gharama na inaeleza vifo vingi. Maji yakipanda ghafla yanabeba mayai. Yakishuka, ng'ombe na mbwa wanafika kwa miguu mikavu. Umri wa yai unaweza kupimwa kwa kulitia kwenye chombo cha maji: bichi hulala chini, linapokua huinua ncha, kisha husimama, na karibu na kuangua huelea. Inafanya kazi vizuri, lakini kazi ya kushika mayai ya ndege aliye hatarini ni ya mtu aliyefundishwa na mwenye kibali. Msijifunzie kwake.

*Kamera ya mtego* ni nzuri kwa swali moja: nani mwizi? Kama mnabishana kijijini iwapo ni kunguru, kenge, mbwa au watu, kamera itamaliza ubishi. Iwekeni mayai yakiwa yameshaanza kuatamiwa kwa siku kadhaa, si wakati wa kutaga, maana mzazi asiyewekeza muda kwenye kiota hukiacha upesi. Elekezeni mbali na mahali jua linapochomoza au kuzama, na kateni nyasi zilizo mbele ya lenzi pekee, la sivyo upepo utawapa picha elfu tatu za nyasi. Na kuna mtego ambao wengi hawaujui: kamera hizi hushtuliwa na joto la mwili linalotembea, na kenge, ambaye mwili wake una joto la mazingira, anaweza kupita na mayai yote bila kupigwa picha. Iwekeni ipige pia kila baada ya dakika moja au mbili. Betri zitaisha haraka, lakini mtamwona kenge.

*Kirekodi joto* kinastahili sifa kuliko kinazopata. Ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, unakifukia kwenye nyasi za kiota chini ya mayai wakati wa ile safari moja. Kinaandika joto kwa ratiba mpaka utakapokitoa. Grafu ikishuka ghafla usiku wa manane, kuna mnyama alikuja. Ikishuka mchana siku ya thelathini, yaelekea vifaranga vimeangua na kuondoka. Hakionekani, hakivutii mwizi, na mwanafunzi anaweza kununua kadhaa kwa bei ya kamera moja nzuri.

Hata hivyo kiota kitupu bado kina ushahidi, ukijua kuusoma. Kifaranga kilichoangua huacha vipande vidogo vya ganda ndani ya nyasi, na utando wa ndani wa yai umebanduka kwenye ganda kama karatasi. Yai lililoliwa huacha vipande vikubwa, kiini kilichokauka au damu, na utando bado umegandamana. Mayai yaliyotoweka bila hata kipande yanaashiria nyoka, kenge, au binadamu. Pigeni picha ya mabaki kabla hamjayagusa.

Asilimia ya kawaida, au njia ya Mayfield

Hapa ndipo kazi ya msimu mzima huharibiwa kwa mstari mmoja wa ripoti. Kikundi kimeona viota 20, vimeangua 9, kinaandika: mafanikio asilimia 45. Hesabu haina kosa, na jibu bado si la kweli.

Sababu ni kwamba viota vinavyokufa mapema hamkuviona. Kilichotagwa Jumatatu na kuliwa Alhamisi hakimo kwenye daftari lenu. Mnavyoviona ni vile vilivyodumu muda wa kutosha kuonekana, kwa hiyo kundi lenu lina manusura wengi kuliko kinamasi chenyewe. Harold Mayfield, mpenzi wa ndege kutoka Ohio, Marekani, ambaye hakuwa mwanasayansi wa kuajiriwa, alilitatua hili mwaka 1961: usihesabu viota, hesabu siku ambazo kila kiota kilikuwa chini ya macho yako.

Chukua kiota kimoja. Kilionekana tarehe 3 Machi. Tarehe 10 kiko hai, 17 kiko hai, 24 kimekutwa kimeharibiwa. Siku za uhakika ni 14. Kwa wiki ya mwisho hamjui siku ya kifo, mnachukua nusu: 3.5. Jumla siku 17.5, na kifo kimoja. Fanyeni hivyo kwa viota vyote mjumlishe.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, viota vile 20 vinatoa siku 260 na vifo 11. Gawanya 11 kwa 260: hatari ya kufa kwa siku ni 0.0423. Uwezekano wa kuvuka siku moja ni 0.9577. Ili kiota kiangue lazima kivuke siku 30 hivi, kwa hiyo 0.9577 inazidishwa kwa yenyewe mara 30, na jibu ni karibu 0.27. Asilimia 27, si 45. Daftari lilelile, ndege walewale. Kwenye 45 mtu anaridhika, kwenye 27 anaanza kuuliza mbwa ni wa nani.

Njia ya Mayfield inadhani hatari ni ileile kila siku, jambo ambalo si kweli daima. Kiota cha siku ya pili na cha siku ya ishirini na tano havifanani. Mwanafunzi wa chuo aende mbele, atumie programu ya MARK au mbinu ya Shaffer ya 2004 ndani ya programu ya takwimu ya R, ambazo ni za bure na zinaruhusu kuingiza kina cha maji au umbali kutoka njia ya ng'ombe. Kikundi cha kijiji kibaki na Mayfield na kikokotoo cha simu. Lakini wote waandike vitu vitatu bila kukosa: tarehe ya kila ziara, kiota kilikuwa hai au la, na kiliishaje. Daftari lenye hivyo vitatu linaweza kuhesabiwa upya na mtu yeyote kwa njia yoyote. Lenye "viota 20, 9 vimefaulu" limekufa.

Tatizo la korongo taji ni uchache. Jozi moja hulinda eneo lake, na kinamasi kidogo kinaweza kuwa na viota viwili tu. Mahesabu haya huanza kutulia mkifika viota 20 hivi. Kwa hiyo vikundi vitano vya vinamasi jirani vikitumia fomu moja vinapata jibu; kila kimoja kikitumia yake, vitano vyote havina kitu.

Kuangua na kuruka ni mambo mawili

Vifaranga vya korongo huondoka kiotani mapema na kutembea na wazazi. Baada ya hapo vinahitaji siku 56 hadi 100 kabla ya kuruka, na katika muda huo ndipo wanapokamatwa na watu, kuliwa na mbwa, kufa kwa baridi. Kiota kinaweza kufaulu na familia ikabaki bila mtoto. Anayeishia kwenye kuangua anatoa nusu ya habari, na nusu iliyo nzuri.

Njia rahisi ya kupata nusu ya pili ni kuhesabu familia: kila wiki, jozi ile, vifaranga vingapi? Njia nyingine ni kuhesabu makundi baada ya msimu na kugawa wakubwa na wadogo. Mtoto anajulikana kwa kichwa cha kahawia, taji fupi, na shavu ambalo halijapata ule weupe na wekundu. Hii unafanya ukiwa barabarani juu ya bodaboda, bila kuingia kinamasini, na namba unayopata ndiyo inayohusu kesho ya ndege hawa. Kasoro yake ni kuwa haikuambii vifo vimetokea wapi. Ukikuta watoto wachache hujui kama ni mayai yaliyoliwa au vifaranga vilivyouzwa, na tiba ya haya mawili haifanani hata kidogo.

Ningechagua nini

Kikundi chenye darubini mbili na wanachama wenye moyo: kutazama viota kwa mbali kila wiki, Mayfield, kuhesabu familia mpaka ziruke. Acheni droni. Fedha ikibaki, nunueni darubini ya miguu mitatu kabla ya kamera.

Mwanafunzi mwenye misimu miwili: hayohayo, aongeze virekodi joto kwenye viota vyote na kamera kwenye vichache, akijibu swali la mwizi.

Anayefuatilia ndege wa mafunjo: sauti. Viota vyao ndani ya mafunjo visitafutwe bila sababu nzito ya kisayansi.

Anayefuatilia koloni la wazi, la mwari, yangeyange au heroe: picha za angani, pamoja na rubani mwenye uzoefu na mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama ndege tu na kusema rudisha.

Kwa vibali, Kenya utafiti unapitia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, pamoja na ya shirika la wanyamapori, KWS, ukiwa ndani ya hifadhi. Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, kwa droni. Uganda anzeni na UNCST, baraza la taifa la sayansi. Anzeni mapema, msimu wa kutaga hausubiri barua.

Kuhusu wachungaji na wakulima: hao ndio wanaojua viota kabla ya mtu yeyote, na walipwe kwa kazi yao. Lakini msilipe kwa kila kiota kinachoripotiwa. Malipo ya namna hiyo huwatuma vijana kinamasini kutafuta, na kila kiota kilichopatikana kwa kukanyaga ni kiota kilichoonyeshwa njia. Lipeni ujira wa ulinzi, wa mwezi, na bonasi pale kifaranga kinaporuka. Na mahali pa kiota pasipostiwe kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Wanunuzi wa vifaranga nao wana simu.